Harusi ya rafiki Rajkot, India: kutoka Mombasa tuanzie wapi?

ukhti_kuze

Assalam aleikum wenyeji wa humu, na wengine hamjambo.

Rafiki yangu tuliyesoma pamoja tangu chekechea, Mgujarati wa hapa hapa Mombasa, anaolewa mwisho wa Januari. Shughuli haitakuwa hapa. Wazee wake wameipeleka Rajkot, jimbo la Gujarat, kwenye asili yao. Tumealikwa mimi, mume wangu na mwanetu wa miaka minne. Kadi imeshafika, nene kama daftari, ina shughuli sita ndani ya siku nne, na majina mengine nayasoma tu bila ya kuyaelewa: pithi, mameru, garba, jaan, hasta melap.

India hatujawahi kwenda. Nataka kujua viza inaombwa vipi na lini, na kama kweli wanashikilia kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, au ni maneno ya watu. Nyanya yake mume wangu, mzaa baba, alizaliwa Karachi. Sijui kama hilo lina maana. Halafu nguo na zawadi: nisije nikavaa au nikapeleka kitu cha kuwaudhi wazee. Sisi ni Waislamu na wao ni Mabaniani, na tumeishi kwa heshima miaka yote, sitaki tukosee kwa kutojua. Anayejua njia nzuri ya kufika Rajkot bila ya kumchosha mtoto naye anisaidie.

paspoti_na_tiketi

Wa aleikum salaam ukhti. Anza na sindano, usianze na tiketi. Hapo ndipo wageni wengi kutoka Kenya hukwama, na ukishakwama uwanjani hakuna wa kukunasua.

India haina homa ya manjano, lakini ina mbu wa aina ile ile wanaoibeba. Akiingia mgonjwa mmoja tu, wa kuisambaza wako tayari. Ndiyo sababu mtu anayetoka nchi iliyo kwenye orodha yao, na Kenya imo, asipokuwa na kadi halali huwekwa karantini hadi siku sita. Harusi yenu ya siku nne itaanza na kwisha mkiwa ndani. Kupitia Dubai hakusaidii kitu, kwa sababu wanaangalia ulikuwa wapi siku sita zilizopita, si ulibadilisha ndege wapi.

Kadi huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya kudungwa. Ukidungwa tarehe 10 Januari inakubalika kuanzia tarehe 20, na ukitua tarehe 19 ni kama huna. Sindano ni moja kwa maisha yote. Utaratibu huo wa kimataifa ulianza Julai 2016, kwa hivyo kama mumeo ana kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 na tarehe imepita, bado inafaa, hana haja ya kudungwa tena.

Nendeni ofisi ya afya ya bandari mkiwa na paspoti mkononi, na msitoke dirishani kabla ya kuisoma kadi. Jina liwe herufi kwa herufi kama kwenye paspoti. Fatma wa kadi na Fatuma wa paspoti ni watu wawili kwa afisa aliyekaa Ahmedabad. Angalieni pia tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya sindano, nambari ya toleo la dawa, sahihi na muhuri. Mtoto naye awe na kadi yake mwenyewe. Wanaosamehewa ni wachanga wasiotimia miezi sita. Dawa hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hivyo mwenye mimba, anayenyonyesha, aliyevuka miaka 60 au anayedhurika na mayai amwambie daktari kabla ya kudungwa. Kadi ya kununua mjini bila sindano usiiguse. Ukiacha hatari ya kukamatwa, unampeleka mtoto safarini bila kinga yoyote.

Sasa viza. Mwenye paspoti ya Kenya huomba kwenye tovuti ya serikali ya India, ile ambayo anwani yake inamalizika na gov.in. Ukitafuta tu kwenye simu, za kwanza kutokea huwa ni tovuti za madalali wenye bendera na nembo zinazofanana na za serikali, wanaotoza mara kadhaa. Soma anwani yote kabla ya kuandika jina lako.

Kuna viza ya utalii ya siku 30, ya mwaka mmoja na ya miaka mitano. Hapa watu huchanganyikiwa. Ya siku 30 haiombwi mapema: dirisha lake hufunguka siku 30 kabla ya kufika, basi. Ya mwaka mmoja unaweza kuiomba hata siku 120 kabla. Mimi kwa harusi huwashauri watu wachukue ya mwaka mmoja, kwa sababu ikitokea swali au picha ikikataliwa bado una wiki za kurekebisha. Kumbuka tu kwamba ya mwaka mmoja huanza kuhesabiwa siku ilipotolewa, na ya siku 30 huanza siku mnapoingia. Kwenye sababu ya safari chagueni kutembelea marafiki au jamaa, na pale wanapotaka mtu wa kumrejelea India wekeni jina, anwani kamili na simu ya baba wa bibi harusi au mwenyeji mwingine anayepokea simu. Paspoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu.

Picha iwe ya mraba, nyuma nyeupe, bila miwani. Ushungi unaruhusiwa, ila uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji. Ushungi mweupe kwenye ukuta mweupe humeza kichwa, kwa hivyo vaa wa rangi. Ukurasa wa paspoti hutumwa kama PDF isiyozidi kilobaiti 300, na simu za siku hizi hutoa faili kubwa mara kumi ya hiyo. Ipunguze, lakini hakikisha ile mistari miwili ya herufi na alama chini ya ukurasa bado inasomeka. Mwanga wa taa ukiangukia hapo maombi hurudi. Jibu mnalolisubiri ni neno GRANTED. Risiti ya malipo si viza. Chapisheni karatasi ya kila mmoja, pamoja na ya mtoto.

Jingine jipya: tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kadi ya kuwasili hujazwa mtandaoni, ndani ya saa 72 kabla ya kufika, na ni bure. Anayetaka pesa kwa hiyo ni mwizi.

La Karachi nimeliacha mwisho kwa makusudi, maana ndilo zito. Fomu inauliza wazi kama wazazi, au babu na nyanya wa upande wowote, waliwahi kuwa raia wa Pakistan au watu wa eneo lililo chini yake. Jibu likiwa ndiyo, viza ya mtandaoni haimfai. Huomba viza ya kawaida kwa karatasi. Huenda nyanya alizaliwa kabla ya Agosti 1947, wakati Pakistan haijakuwapo, au familia ilishahamia pwani mapema. Lakini hilo msijiamulie wenyewe sebuleni. Mumeo achukue cheti chochote cha nyanya kinachopatikana aende ofisi ya ubalozi wa India hapa Mombasa, awaulize. Maombi ya namna hiyo huweza kuchukua wiki nyingi, kwa hivyo aende wiki hii. Na asiandike hapana ili mambo yapite. Wakigundua, viza hufutwa na jina hubaki kwenye kumbukumbu zao. Kwa mtoto, swali linaishia kwa babu na nyanya zake yeye, kwa hivyo huyo wa Karachi kwake ni ngazi moja juu zaidi.

hina_na_manjano

Shoga, hongera kwa mwaliko. Mimi nijibu ya harusini, ya paspoti yamejibiwa na mwenyewe.

La kwanza, mwulize rafiki yako mmealikwa shughuli zipi. Kadi huorodhesha zote, lakini nyingine ni za ukoo. Kadi huwa na vikaratasi tofauti ndani, na kile kilichotiwa kwenye bahasha yenu ndicho mwaliko wenu. Kwa rafiki wa chekechea pengine ni zote, lakini mwulize.

Pithi ni manjano. Bibi harusi hupakwa manjano na mafuta usoni, mikononi na miguuni, kama sisi tunavyomsinga mwari kwa liwa. Tofauti ni kwamba wao hawaishii kwa mwari, na mashoga nao hupakwa. Manjano mabichi hayatoki kwenye nguo, kwa hivyo vaa dera la zamani la rangi ya manjano au ya chungwa na umvishe mtoto fulana usiyoijali. Mehndi ni hina, hilo hulihitaji kufundishwa. Fahamu tu kwamba foleni ni ndefu na hina yao huachwa ikauke kwa saa nyingi. Kama una mtoto wa kumshughulikia, paka mkono mmoja, au wahi mwanzo.

Mameru ni siku ya mjomba. Upande wa mama wa bibi harusi huingia na sinia za nguo, dhahabu na vitu vitamu. Wageni hapo ni wa kutazama na kupongeza.

Garba ni usiku wa ngoma. Watu huzunguka duara, kinyume cha mshale wa saa, duara ndani ya duara. Wanaojua hukaa ndani na huenda kasi sana, mgeni hubaki duara la nje ambako hatua ni pole: mbele, nyuma, piga kofi, geuka. Mara nyingi katikati huwekwa taa au picha ya mungu wao wa kike, na duara ndilo linaloizungukia. Ukiona hilo halikukalii vizuri, kaa na kina mama pembeni upige makofi, hakuna atakayekuuliza. Baadaye huja dandiya ya fimbo mbili, ambayo huchezwa kwa mistari inayotazamana. Mtoto wa miaka minne asikae karibu na fimbo hizo.

Siku yenyewe. Nyinyi ni upande wa bibi harusi, kwa hivyo hamji na jaan. Jaan ndio msafara wa bwana harusi, wenye ngoma na wakati mwingine farasi. Kazi ya upande wenu ni kuwa langoni kabla hawajafika ili kuwapokea. Wageni wengi hukosa hapa: wanasoma saa ya ndoa kwenye kadi, wanafika saa hiyo, wanakuta langoni kumeshakwisha. Na langoni ndipo penye utamu, kwa sababu mama wa bibi harusi humpokea mkwewe kwa heshima zote, kisha anajaribu kumvuta pua, kumkumbusha kuwa amekuja kuomba.

Chini ya mandap, yaani kibanda chenye nguzo nne kilichopambwa, kuna moto. Mama na baba hukabidhi binti yao, kisha mikono ya wawili huunganishwa. Hiyo ndiyo hasta melap, nayo ina saa yake maalumu iliyopigiwa hesabu na kuhani, huwa kwenye kadi hadi dakika. Hapo watu hunyamaza. Kisha huzunguka moto mara nne, ndiyo desturi ya Kigujarati, na kaka wa bibi harusi humtilia dada yake nafaka mkononi kila mzunguko. Yote huchukua saa mbili, tatu, na katikati yake wageni huinuka, hula, huzungumza, hurudi. Si utovu wa adabu kwao. Kaa na mtoto upande ambao moshi hauendi, maana samli na kuni zikiwaka macho huwasha kweli.

Wakati huo wasichana wa upande wenu huiba viatu vya bwana harusi na kudai pesa. Ni kama kifungua mlango chetu, ile pesa anayotozwa bwana harusi afunguliwe, kwa hivyo ukipewa kiatu ufiche, ficha kwa moyo wote. Mwisho ni vidaai, bibi harusi kutoka kwao. Watu hulia, wanaume kwa wanawake. Simu iweke mkobani.

Nguo: usivae nyeusi tupu wala nyeupe tupu mbele ya wazee. Nyeupe ni ya msiba na nyeusi huonekana nuksi. Nyekundu muachie bibi harusi. Vilevile epuka nyeupe yenye pindo jekundu, kwa sababu ndiyo panetar, sari ambayo bibi harusi wa Kigujarati huvaa akiolewa. Buibui jeusi la safarini halina neno, ila ukifika ukumbini ulivue au uwe na abaya ya rangi: kijani, buluu, zambarau, urujuani. Shalwar kamizi na ushungi wa hariri ni vazi la heshima kabisa huko. Mumeo kanzu anaweza kuvaa, bora ya rangi ya maziwa au kahawia na koti juu, na kofia yake ya vito itapendwa. Viatu viwe vya kuvuka upesi, kwa kuwa karibu na mandap huvuliwa.

Halafu baridi. Rajkot mwisho wa Januari mchana ni jua zuri, lakini usiku hushuka hadi karibu nyuzi 12, na karamu nyingi huwa kwenye viwanja vya wazi. Kwa mtu wa Kuze, hapa Mombasa, hiyo ni baridi ya kutetemesha. Mtoto awe na sweta nzito na soksi, nawe uwe na shali.

ukhti_kuze

Mungu awalipe nyote wawili. Mume wangu kesho anakwenda ubalozini. Zawadi je? Rafiki yangu amesema nisilete chochote, lakini mikono mitupu sitaweza. Na njia?

forodhani72

Zawadi kwao ni chandlo, pesa ndani ya bahasha. Neno hilo hilo ndilo la alama ya paji la uso, kwa hivyo usishangae ukilisikia kwa maana mbili. Kiasi huwa na moja mwishoni: 101, 501, 1,101, 2,101. Namba isiyogawika kwa mbili ndiyo wanayoipenda kwa wanaooana, na ile rupia moja ya juu ni mwanzo mpya. Madukani huuzwa bahasha zenye sarafu ya rupia moja imeshabandikwa juu kabisa. Nunua hizo, usiibandue. Mlangoni hukuta meza yenye mzee na daftari, anaandika jina na kiasi, maana familia yenu ikiwa na harusi watarudisha heshima ile. Andika jina lako na Mombasa nyuma ya bahasha. Soma kadi vizuri kwanza, familia nyingine huandika kwamba chandlo hazipokewi, na wakiandika wanamaanisha.

Kwa rafiki wa karibu hivyo mimi ningeongeza kitu cha kwetu. Doti ya leso nzuri kutoka Biashara Street ni nyepesi na haivunjiki. Chagua jina la leso kwa makini, mtu atataka kutafsiriwa, na leso ya mafumbo ya wake wenza si ya harusi. Halua ya Mombasa nayo inafaa, haina nyama wala mayai. Ipakiwe kwenye kopo lililofungwa kiwandani na itiwe kwenye sanduku la chini. Usipeleke mkoba, mkanda wala kitu chochote cha ngozi ya ng'ombe. Kombe, kauri na matumbawe ya baharini acha hapa, forodha watakutesa. Na dhahabu zako za harusi, ukhti, ziache nyumbani. Forodha ya India ina macho makali sana juu ya dhahabu. Vaa za kuigiza, huko nao wanazivaa siku hizi na zinang'aa.

Pesa: usitafute noti za rupia za kununua Mombasa. Nenda na dola safi, zisizochanika wala kupigwa mihuri. Shilingi yetu kubadilisha Rajkot ni shida. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu, za teksi na chai. Noti ya 2,000 ilianza kuondolewa Mei 2023, ukirudishiwa chenji kwa noti hiyo ikatae. Kubwa ni ya 500. Omba ndogo ndogo, kwa sababu wenyeji wengi hulipa kwa kupiga picha ya alama ya QR kwa simu, na mwenye duka chenji hana. M-Pesa ya kawaida haifanyi kazi huko. Kadi ya benki yenu iarifuni benki mapema kwamba mtakuwa India, la sivyo wataifunga mara ya kwanza mtakapoitumia.

Njia. Rajkot haifikiki moja kwa moja kutoka kwetu. Mlango wa karibu ni Ahmedabad, kisha barabara ya kilomita 215 hivi, saa nne za gari. Kwa mwenye mtoto ningechukua flydubai kutoka uwanja wa Moi hadi Dubai na kuunganisha Ahmedabad, mradi iwe tiketi moja. Ukinunua mbili tofauti kwa sababu ni rahisi, mizigo huishia Dubai, na ili kuichukua ni lazima utoke nje, na kutoka nje kunataka viza ya Dubai. Hapo watu hulala kwenye viti.

Njia ya pili ni Ethiopian kutoka Moi kupitia Addis Ababa hadi Mumbai. Ya tatu ni treni ya Madaraka kutoka Miritini kisha Kenya Airways Nairobi hadi Mumbai. Treni ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na stesheni ya Syokimau iko karibu na uwanja wa ndege. Ila usipange treni na ndege ya usiku ule ule kwa pengo la saa mbili tatu. Treni ikichelewa ndege haikungojei. Mkipitia Mumbai, mizigo huchukuliwa hapo hapo, hupitishwa forodha, kisha hupelekwa upya kwa ndege ya ndani ya kwenda Rajkot. Wekeni saa nne za kuunganisha. Na ndege za ndani za India hupokea kilo 15 za sanduku, wakati mmetoka huku na 23 au zaidi. Ziada hulipiwa kwa kila kilo, na kaunta ni ghali kuliko mtandaoni.

Jambo la saa. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hiyo nusu ndiyo husahauliwa. Na kwa lugha yetu usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa jua likichwa, lakini tiketi hubadili tarehe saa sita ya usiku. Mkimwandikia mwenyeji mtafika lini, andikeni tarehe na saa kwa tarakimu, pamoja na nambari ya ndege.

kaunta_ya_hoteli

Nyongeza fupi lakini isipuuzwe. Kila anayemlaza mgeni wa nje India, hoteli au nyumba, anatakiwa kumsajili kwa polisi wa uhamiaji mtandaoni ndani ya saa 24. Wenyewe huiita Fomu C. Familia za harusi hukodi vyumba kwa jumla kwenye hoteli ndogo, na baadhi ya hizo hazijaunganishwa na mfumo huo, kwa hivyo zikiona paspoti ya nje hukataa usiku huo huo. Mwambie rafiki yako apige simu aulize mapema: je, mnapokea wenye paspoti za nje? Mkilala nyumbani kwao, mwenye nyumba ndiye wa kuijaza. Mwachieni nakala ya paspoti na viza ya kila mmoja.

Laini ya simu ya huko kwa mgeni hutaka paspoti, viza na picha, na huenda isiwake siku hiyo. Tiketi za treni na teksi za mtandaoni nyingi hutuma nambari ya siri kwenye simu ya India. Gari la Ahmedabad hadi Rajkot akukodishieni mwenyeji, na jina la dereva na nambari ya gari mpate kabla hamjapanda ndege.

ustadh_bondeni

Assalam aleikum. Nijibu la dini kwa upande wa vitendo tu. Hukumu yenyewe mwulizeni shekhe wenu kabla ya kusafiri, kwa sababu wanavyuoni hawakusema kauli moja kuhusu kuhudhuria na mipaka yake.

Mambo mtakayokabiliwa nayo ni matatu: kupakwa alama nyekundu kwenye paji mkipokewa, kupewa kitu kitamu kilichotolewa kwanza mbele ya mungu wao, na sinia ya taa inayopitishwa ili watu wapitishe mikono juu yake. Rafiki yako amwambie mama yake mapema kwamba hamfanyi hayo. Ikija sinia, weka mkono wa kulia kifuani, inama kidogo, tabasamu. Gujarat ina Waislamu wengi, wazee wanaielewa ishara hiyo. Kinachoudhi ni kurudi nyuma kwa haraka au kukunja uso.

Chakula kitakurahisishieni. Harusi za Mabaniani wa huko kwa kawaida ni mboga tupu, hakuna nyama wala mayai, na pombe imepigwa marufuku Gujarat. Dengu yao ina sukari kidogo, mtoto huenda akaipenda. Wahudumu huongeza sahani bila ya kuuliza, na ili kuwazuia funika sahani kwa kiganja, kwa kuwa kubakisha chakula kingi ni aibu. Maji yawe ya chupa ambayo kifuniko kinalia kikikatika. Vile vitafunio vidogo vya kukaanga (puri) vya kujazwa maji ya ndimu na mnanaa mpeni mtoto bila ya maji hayo, maana hayachemshwi. Bebeni paketi za chumvi na sukari za kuharisha kutoka kwa duka la dawa huku.

Kibla. Sisi Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwa sababu Makka iko karibu sawasawa juu yetu. Rajkot ni karibu magharibi kamili. Mtu akiingia chumbani usiku amechoka husali kwa mazoea. Angalieni dira kwenye simu mara mkishafika, mkiweke kiti upande huo.